Somo la Miguu

Niliacha kufundisha bila ugomvi na mtu yeyote. Watu wakisikia mwalimu wa serikali ameacha kazi yake hutaka kuambiwa kwamba mwalimu mkuu alimwonea, au kwamba wanafunzi walimshinda, na nikiwaambia hakuna hata moja kati ya hayo wananitazama kana kwamba ninaficha aibu. Kilichotokea ni kwamba asubuhi moja, katika shule ya kutwa kule Giakanja, nilikuwa nikiwachorea kidato cha pili picha ya moyo. Nilichora vyumba vyake vyote, nikaweka mishale ya damu inayoingia na damu inayotoka, kisha nikageuka na kuona kwamba chaki imeisha mkononi na mimi sikumbuki kuchora. Wanafunzi walikuwa wanainakili ile picha kwa utulivu. Hakuna aliyegundua kwamba mwalimu hakuwepo.

Sikuhuzunika. Kama ningehuzunika ningejua la kufanya, ningeomba likizo au ningeongea na mchungaji. Nilipangusa ubao, nikaenda kwenye chumba cha walimu, nikanywa chai na mandazi. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na muhula ukaisha hivyo.

Mwaka huohuo mama yangu alikatwa kidole cha mguu. Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepoteza hisia, kwa hiyo alikanyaga kipande cha waya akiwa zizini na akatembea nacho ndani ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, bila habari. Siku ya kumruhusu arudi nyumbani, daktari alinivuta kando akanieleza bila kuzungusha maneno. Miguu hiyo itazamwe mara kwa mara, chini ya wayo na katikati ya vidole. Kidonda kingine kikichelewa kuonekana hatutaongea tena habari ya kidole, tutaongea habari ya mguu mzima. Nilimwitikia kwa kichwa. Mama anaishi peke yake Mukurweini, kwenye shamba la mteremko, na ng'ombe wake, migomba yake na kahawa kidogo ambayo hataki mtu aiguse. Katika mteremko ule hata mimi mwenye miguu miwili natembea nikishikilia migomba. Mama bila mguu angekuwa mtu wa kuletewa maji na kuwekwa juani, na yeye ni mtu ambaye hukasirika ukimshikia hata kikapu.

Kwa hiyo nilipoona nafasi ya kazi Nyeri mjini, ya kutengeneza masomo ya simu kwa wahudumu wa afya ya jamii, wale watu wa kijijini wanaotembea nyumba kwa nyumba kuangalia wagonjwa, niliomba. Sikuomba kwa moyo wa kutaka kubadilisha ulimwengu. Nilifikiri tu kwamba kama siwezi kumtazama mama miguu kila mara, nitamfundisha mtu amtazame. Nilikuwa najua kufundisha. Hilo angalau lilikuwa bado liko mkononi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, na mvua ikinyesha mabati yalitunyamazisha wote. Mkubwa wangu alikuwa msichana niliyemzidi umri kwa mbali, mwerevu, mpole, aliyeninunulia kiti kizuri siku ya kwanza. Aliniambia, "Mwalimu, huku hatufundishi. Huku tunatengeneza kitu, halafu hicho kitu ndicho kinafundisha." Nilimwambia sawa. Wakati huo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kumjua mwanafunzi wetu. Mwanafunzi wetu alikuwa karatasi. Ilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu amefunga kitambaa, na chini yake maelezo: umri wa makamo, alisoma mpaka darasa la nane, ana watoto wanne, ana simu, ana shughuli nyingi, ana kiu ya kujifunza. Nilicheka kidogo nilipofika kwenye kiu. Katika miaka yangu yote ya ualimu kiu niliyoiona ilikuwa ya maji, saa nane mchana, wakiomba ruhusa watoke. Lakini tulimbandika ukutani, na kila nilipoandika sentensi ndefu mkubwa wangu alimwelekezea kidole akaniuliza, "Yeye ataelewa?" Nikakata sentensi.

Nilikata vitu vingi. Masomo yalikuwa ya kusikiliza, dakika chache kila moja, na sauti ilikuwa yangu. Nilijifungia katika chumba kidogo kilichotundikwa mablanketi ukutani, nikasoma. Mwanzoni nilikuwa na tabia ya darasani, nikiuliza swali nanyamaza, nangoja. Darasani unapongoja unaona mambo. Unaona anayeangalia dirishani, anayeandika jina lake mara mbili, yule anayejua lakini hataki kuonekana anajua. Mkubwa wangu alikaa kwenye kompyuta akakata kimya kimoja baada ya kingine. "Watu wazima hawana wakati wa kungojea, mwalimu," alisema, na kweli, somo lilipochezwa tena lilikuwa safi, limenyooka, swali na jibu vimeshikana mikono. Nilisikiliza sauti yangu ikiongea bila kupumua. Sikuichukia wala sikuipenda.

Nilikuwa hodari katika kazi ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nafikiri kutohisi kitu kulinisaidia. Mtu anayelipenda somo lake huona uchungu kulikata. Mimi nilikata kama mtu anayemenya viazi.

Somo la sita lilikuwa la miguu. Hilo nililiandika peke yangu, na kwa hilo tu nilimsahau yule mwanamke wa karatasi nikamfikiria mama. Namjua mama. Nyumba inaweza kuwa inawaka moto akakwambia ni moshi tu wa jikoni. Kwa hiyo jambo kubwa katika somo lile lilikuwa moja: usimuulize mgonjwa mguu ukoje ukamwamini. Mwombe avue viatu, avue soksi, utazame mwenyewe. Nilimalizia kwa swali: ukifika kwa mgonjwa wa sukari akikuambia mguu uko sawa, utafanya nini? Nilijivunia swali hilo. Kujivuna ni neno kubwa. Niliona liko mahali pake.

Tulilijaribu Mukurweini, katika ukumbi wa kanisa. Wahudumu walikuja wamevaa vizuri, wakasikiliza simu zao, kisha wakakaa wawili wawili kufanya mazoezi. Kulikuwa na kelele na utani wakati wa kuvua, huyu soksi imetoboka, yule ameosha mguu mmoja tu. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, vijana kwa vijana. Hakuna aliyewapanga hivyo. Niliona, nikafikiri marafiki wamekaa pamoja.

Mmoja wao alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nyumba yao iko ng'ambo ya mto kutoka kwetu, huko ndiko nilikoolewa, ingawa mimi na mume wangu tunaishi mjini. Yeye alibaki na migomba ya baba yao. Ni mtu mtaratibu, mzee wa kanisa, hanywi na hasemi ya watu, na ndiyo maana baraza ya chifu ilimchagua. Nyumba alizopewa kutembelea zilikuwa za upande wetu, na ya mama yangu ikiwemo. Nilipojua hivyo nilifurahi, au nilifanya kile kinachofanywa na mtu aliyefurahi, nilimshukuru. Mguu wa mama ulikuwa umeangukia mikono ya mtu wa nyumbani. Lilipofika lile swali langu la mwisho, yeye ndiye aliyejibu kwa sauti, na akajibu vizuri kuliko wote. Mkubwa wangu alinigusa bega. Wote walikuwa wamepita.

Miezi ikaenda. Jumapili nikipata nafasi nilipanda gari asubuhi kwenda kwa mama. Nilimkuta nje, amekaa kwenye stuli, soksi nene na gambuti miguuni hata kama hakuna tope. Nilimuuliza habari ya mguu.

"Si mtu wako alikuja? Alikuja juzi."

"Na mguu?"

"Mguu iko sawa. Huyo kijana ako na heshima sana. Kunywa chai, mwarimu."

Aliendelea kuniita mwalimu baada ya kuacha ualimu, sijui kwa mazoea au kwa kunisuta. Nilikunywa chai. Shemeji naye nikimpigia simu alisema, "Nilipita kwa mama. Hakuna shida." Ningeweza kusema nivue soksi nione. Nilisema mara moja, na mama akaniuliza kama nimetoka mjini kuja kumfanya mgonjwa siku ya Bwana. Na kusema kweli ningekuwa namwambia nini? Kwamba simwamini mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe? Nilirudi Nyeri na mkungu wa ndizi.

Ofisini somo la miguu lilipendwa kuliko mengine. Watu wa Murang'a walilitaka pia, lakini wakaomba liwe na picha, na mkubwa wangu akaniambia nitafute picha ya gambuti zilizovaliwa na mtu wa shamba, siyo mpya za dukani. Nilijua za nani. Nilikwenda siku ya kazi, bila kumwambia mama kwamba naja, nikamkuta jikoni anamenya ndizi za kuchemsha, gambuti mguuni.

"Vua hizo nipige picha," nikamwambia.

"Enda piga za jirani."

"Za jirani ni mpya. Mama, ni dakika moja."

"Mimi sitaki picha."

Kulikuwa na harufu. Nilifikiri ni makapi ya ng'ombe, nikafikiri ni panya aliyekufa nyuma ya kuni. Kisha nikaona jinsi alivyouweka mguu wa kulia, mbali kidogo na yeye, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie. Nikapiga magoti nikaishika ile gambuti. Hakubishana tena. Aliweka kisu chini akatazama ukuta. Gambuti ilitoka, soksi haikutoka. Ilikuwa imeshikamana na nyama.

Sitaeleza zaidi. Nimewaeleza watu wengi miguu ya namna hiyo, kwa lugha rahisi, kwa sentensi fupi, na sasa sioni haja. Tulimchukua kwa gari la jirani mpaka hospitali mjini, na daktari, siyo yule wa kwanza, akasema lile ambalo mwenzake alinionya, kwamba sasa ni mguu mzima. Wakamkata chini ya goti. Nilikaa nje kwenye benchi, nikanunua maji, nikajibu ujumbe wa ofisi kuhusu picha. Nakumbuka niliwaandikia kwamba picha bado. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Mume wangu alitoka Nanyuki anakofanya kazi, akanikumbatia pale kwenye korido mbele ya watu, kitu ambacho hafanyi, na mimi nikawa namfikiria yeye, jinsi koti lake lilivyolowa mvua.

Shemeji alikuja siku ya pili. Sikumwona akiingia. Nilimkuta ameketi kwenye benchi lilelile nje ya wodi ya wanawake, kofia mapajani, na ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha kama ninavyopanga somo, la kwanza, la pili, la tatu. Nikaketi karibu naye nikasema moja tu.

"Ulikuwa unaenda kwa mama?"

"Nilikuwa naenda. Kila mwezi."

"Ulimwambia avue?"

Aliuweka ule mfuko wa ndizi chini. Kisha akasema, bila kunitazama, "Huyo ni mama. Mimi nilibeba mbuzi kwa hiyo boma siku ya mahari. Siwezi enda kumwambia mama mkwe atoe soksi mbele yangu. Ataniona aje? Na hata yeye hangetoa."

Akaniambia walivyokuwa wakifanya. Alikuwa akisimama kwenye ua, hapo penye miti ya miba ya kei apple, akapiga hodi. Mama anatoka. Wanasalimiana kila mmoja akiwa mbali kidogo na mwenzake, wote wanamwangalia ng'ombe. Anauliza mguu. Mama anasema iko sawa. Anauliza dawa. Mama anasema anameza. Wanaongea habari ya mvua, anaaga. Kwao wawili lilikuwa jambo zuri, ziara ya adabu kamili, hakuna aliyemwaibisha mwenzake.

"Lakini jibu ulijua," nikamwambia. "Ulijibu mbele ya watu."

"Hiyo jibu nilijua. Bado najua." Alikuwa anaikunja ile kofia. "Kwa hizo nyumba zingine zote wanatoa viatu, naangalia. Ni kwa mama tu."

Nilitafuta hasira nisiione. Mimi ni mtoto wa kwetu. Nimekulia katika ile nyumba, najua kwamba baba yangu mpaka anakufa hakuwahi kula mbele ya mama ya mama yangu. Mume wangu mwenyewe, amenioa miaka yote hii, akiingia kwa mama anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango na miguu yake ameikunja chini. Hakuna aliyehitaji kunifundisha. Na bado nilikaa ofisini nikaandika mwombe avue soksi, kana kwamba kijijini kila mtu ni mgeni kwa kila mtu.

Nilichukua zile ndizi nikampelekea mama. Shemeji hakutaka kuingia, na mama hakutaka aingie. Mama alipojua nimemuuliza shemeji maswali alinikaripia kwa sauti ndogo ya mtu aliyetoka kupasuliwa.

"Wacha huyo kijana. Hajafanya makosa. Angeniambia nitoe soksi ningehama hiyo kijiji."

"Mama, wamekata mguu."

"Najua wamekata. Kwani mimi si ndio nilikuwa na hiyo mguu?"

Akafunga macho. Nikamfunika, nikakaa. Kuhusu mguu uliobaki daktari alikuwa amenionya tayari, kwa maneno yaleyale ya siku ya kidole. Ule nao ukienda, basi.

Nilirudi kazini baada ya wiki. Mkubwa wangu alikuwa amesikia. Alifunga mlango, akaniambia pole, na akalia kidogo, yeye, na mimi nikampa karatasi ya kujipangusa. Kisha, kwa sababu ni mtu wa kazi, akasema tunaweza kuongeza sentensi. Kama mgonjwa ni mkwe wako, mwombe mwenzako amtazame. Sekunde chache tu, nirekodi leo, kesho iwe kwenye simu za wote. Nilimtazama yule mwanamke wa ukutani. Watoto wanne, simu, kiu ya kujifunza.

"Huyu hana mkwe," nikasema.

"Nani?"

"Huyu wetu. Hana mkwe, hana wifi, hana mtu anayemwonea haya. Ameshuka kutoka mbinguni na simu."

Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyotaka. Mkubwa wangu akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Niliingia kwenye kile chumba cha mablanketi, nikasoma ile sentensi mara nyingi, na kila mara ilisikika kama tangazo la kampuni ya simu. Nani angetoka nyumbani kwenda kumwambia mwenzake, nisaidie, namwonea haya mama mkwe, kwa sababu sauti kwenye simu imesema? Nikatoka nikamwambia nataka ule ukumbi wa Mukurweini tena, asubuhi moja, bila simu. Alikubali shingo upande. Haikuwa katika mpango.

Walikuja wote. Habari zilikuwa zimeshafika, na walinisalimia kwa mikono miwili kama watu wanaokuja kuhani. Shemeji alikaa nyuma kabisa. Sikuwa na chaki wala kompyuta. Nilisimama mbele nikauliza: kati ya nyumba mnazotembelea, nani ana nyumba ambayo hawezi kumwambia mwenye nyumba avue viatu?

Kisha nikangoja.

Sikuwa nimengoja kwa muda mrefu namna ile tangu Giakanja. Mtu akakohoa. Mtu akatafuta kitu kwenye mkoba. Nilimwona mama mmoja aliyekaa mbele akitazama magoti yake, na shingo yake nikaijua, ilikuwa shingo ya anayejua na hataki kuonekana anajua. Nikamwangalia yeye tu. Akainua mkono, mpaka usawa wa sikio. "Mimi niko na baba ya mzee wangu," alisema, yaani baba mkwe wake. "Huyo siwezi." Mwanamume wa pembeni akainua wake. Mwingine akasema kwake ni mchungaji. Mwingine akasema ni mama ya msichana ambaye kijana wake anataka kumwoa, mambo bado hayajakaa sawa, hawezi kwenda kushika mguu. Mikono ikapanda huku na huku mpaka ukumbi mzima ulikuwa umeinua mikono, na watu wakaanza kugeuka kuangaliana na kucheka, kicheko cha watu waliokutana mahali ambapo kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wa mwisho alikuwa shemeji yangu. Hakucheka. Aliinua mkono akiangalia chini na akaushikilia hapo hata wengine walipokwisha shusha.

Sikuwaambia la kufanya. Walianza wenyewe, kwa Gikuyu, wakipita katikati ya viti. Wewe chukua mama mkwe wangu nichukue mzee wako. Mchungaji nani hamwogopi? Kijana mmoja alisema yeye ni Mkatoliki, mchungaji wao hamsumbui, akapewa. Walikuwa na kelele kama soko la Jumatatu, na mimi nilisimama mbele pale sina kazi. Yule mama wa mbele alivuka ukumbi mpaka kwa shemeji, akazungumza naye kwa sauti ya chini, na nikamwona shemeji akitikisa kichwa mara nyingi, ndiyo, ndiyo. Alikuwa amemchukulia nyumba ya mama yangu.

Yule mama alikwenda wiki iliyofuata, na nikaomba niwepo. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha mikono, magongo yameegemea ukuta, sketi yake imelala bapa upande mmoja. Nyumba ilikuwa imebadilika. Ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa, kahawa ilikuwa na magugu, na msichana wa jirani ndiye aliyeteka maji. Mama alikuwa haongei sana siku hizo. Kunisuta pia aliacha. Alijibu ulichomuuliza, akanyamaza, na wakati mwingine niliketi naye mchana kutwa wawili tukinyamaza bila hata mmoja kuona vibaya. Nilifikiri, basi, sasa tunafanana.

Yule mama alimsalimia, akaweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye nyasi bila kuomba ruhusa mara mbili. "Mama Mwarimu, lete huyo mguu tuone." Mama akageuza uso kuelekea mtoni, kama mtu anayechomwa sindano. Yule mwanamke akavua kiatu, akavua soksi taratibu, akauweka ule mguu mmoja kwenye mapaja yake mwenyewe, juu ya leso. Ulikuwa mweupe wa vumbi, na kucha ndefu. Alitazama kisigino. Akatenganisha vidole kimoja kimoja akamulika na simu. Hakukuwa na kidonda. 

"Sasa funga macho," akamwambia. "Nikigusa, sema."

Akagusa kidole kidogo kwa ncha ya kidole chake. Mama hakusema kitu. Mguu wa kulia nao ulianza hivyo, kwa kutohisi. Akagusa tena, na mama akasema, kwa uchovu, "Hapo." Akagusa kidole gumba. "Hapo pia." Kisha akapitisha kidole katikati ya wayo, na mama yangu akaruka kwenye kiti akauvuta mguu.

"Wacha! Unanitekenya!"

Akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha kisichana ambacho sikukumbuka kama alikuwa nacho, mkono mdomoni, mguu ukipiga hewa. Yule mwanamke naye akacheka, akamwomba msamaha, akaanza kutafuta soksi kwenye nyasi.

"Mguse tena," nikasema.

Akanitazama. Mama pia akanitazama, bado anatabasamu. Yule mwanamke akaushika mguu, akapitisha kidole palepale, na mama akapiga kelele akicheka, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, nimesimama uani, mbele ya mgeni, na sikuweza kunyamaza.